Kifungu cha Tisa Kilimfungia Mama Yangu Ndani

Kila asubuhi nilikuwa namfungia mama yangu ndani kwa kufuli, kisha naenda kazini.

Kabla hujanitukana, soma mpaka mwisho.

Mama alianza kusahau taratibu. Kwanza miwani, halafu njia ya kurudi nyumbani, mwisho akanisahau mimi. Wasaidizi watatu walitimua mbio kwa sababu aliwaita wezi. Mmoja alipigwa mwiko wa kichwa.

Mimi ni mchapaji serikalini, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwanasheria wa ofisi yetu anaandika miswada kwa kalamu, mimi nachapa, inakwenda bungeni.

Mwaka juzi tulipewa miezi sita ya majaribio ya kufanyia kazi nyumbani. Jamani, nilipumua! Nachapa mezani, mama yuko kitini pembeni, ananiuliza mara ishirini mimi ni binti wa nani. Namjibu mara ishirini.

Majaribio yakaisha, tukarudishwa ofisini kusubiri sheria. Ndipo kufuli likaanza.

Sikukata tamaa. Muswada wenyewe niliuchapa mimi, nyumbani wakati wa majaribio, kurasa arobaini na moja. Rasimu ya mwanasheria niliisoma kwa macho yangu. Kifungu cha tisa: mtumishi anayeuguza mzazi au mtoto ataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Nikajua nimo.

Sheria ilipopita, nilikuwa wa kwanza kwa afisa utumishi, fomu mkononi.

"Mzazi mgonjwa unaye," alisema akisoma cheti cha daktari. "Na mtoto mgonjwa?"

"Mtoto gani?"

"Sheria inasema mzazi na mtoto, dada. Wote wawili."

"Mwanangu ana miaka ishirini na mbili, yuko chuoni mbali, mzima wa afya, anakula kama hana akili nzuri!"

"Basi mshukuru Mungu. Ila fomu siwezi kuipokea."

Nilidhani ananitania. Akanigeuzia kitabu cha sheria. Kweli, mzazi na mtoto.

Nyuma yangu alikuwa mhasibu wa ghorofa ya pili, tunamwita Kimya. Ana mtoto wa miaka minne anayepumulia mashine. Naye akarudishwa, kwa sababu wazazi wake wote walishafariki.

Kwenye ngazi tuliwalaani wabunge mpaka koo zikakauka.

"Wamekichezea hiki kifungu," nilimwambia. "Hawa watu hawana mama."

Wiki hiyohiyo, saa tano asubuhi, simu ikaita. Fundi cherehani, jirani yangu.

"Dada, njoo haraka! Mama yuko dirishani anapiga mayowe. Anasema kuna mwanamke asiyemjua amemteka. Watu wamejaa, wanataka kuvunja mlango."

"Mwambieni huyo mwanamke ni mimi, mwanawe!"

"Tumemwonyesha picha yako. Anasema ndiye huyohuyo."

Nilipofika, mama alikuwa amevunja kioo na kujikata mkono. Aliponiona akajificha nyuma ya fundi. Nililia mbele za watu bila aibu.

Kesho yake nikamvamia mwanasheria ofisini kwake.

"Bosi, wabunge wamekibadilisha kifungu chako! Wewe uliandika 'au'. Nilikiona!"

Alifungua kabati, akatoa faili, akaweka karatasi mbili mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya mwandiko wake: mzazi au mtoto. Ya pili ilikuwa nakala iliyotoka kwangu, kabla haijaenda popote: mzazi na mtoto. Chini kulikuwa na herufi za kwanza za majina yangu.

Wabunge hawakugusa kitu.

Nikakumbuka. Siku ile mama aliteleza bafuni, akaniita. Nikapaza sauti, "Nakuja, mama!" huku bado nachapa. Mdomo ulisema nakuja, vidole vikaandika "na". Nikakimbia kumwinua, nikarudi, nikaendelea na mstari unaofuata.

"Nami niliisoma mara mbili sikuona," mwanasheria alisema kwa upole. "Tukinyamaza, lawama ni ya wabunge. Ukiandika barua ya kukiri, kifungu kitarekebishwa. Ila wewe hawatakuacha hivihivi."

Nilimfikiria Kimya na mwanawe. Nikaandika barua, nikasaini.

Marekebisho yalichukua miezi saba. Adhabu yangu ilichukua siku nne. Niliondolewa kwenye uchapaji, nikapelekwa dirisha la mapokezi.

Sasa sikieni. Kifungu cha kumi na mbili cha sheria hiyohiyo kinasema anayehudumia watu ana kwa ana haruhusiwi kufanyia kazi nyumbani. Hicho nilikichapa sawasawa, hakina kosa hata moja.

Dada yangu mkubwa alikubali kumchukua mama, kwa shingo upande. Ni safari ya siku nzima kwa basi. Nikipiga simu, mama anampa dada simu haraka, anamwambia ni watu wa ofisini.

Fomu zote za kuomba kufanyia kazi nyumbani hupokelewa dirishani kwangu. Ya kwanza baada ya marekebisho ilikuwa ya Kimya. Alinishika mkono. Nikagonga muhuri, nikaita anayefuata.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiandika kitu kinachogusa maisha ya watu, rudia kukisoma, hata kama unaitwa. Na ukikosea, sema. Itakuuma, mimi mpaka leo inaniuma, lakini kuna mtoto wa miaka minne ambaye baba yake yuko nyumbani.