Mnazi Uliosimama Njiani

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishadondoka hakitupwi. Huzikwa shambani na juu yake hupandwa mnazi, na tangu siku hiyo mnazi ule huwa ni wake hata akienda kuishi mwisho wa dunia. Wangu ulipandwa kando ya ua wa minyaa, mkono wa kulia ukiingia kutoka barabarani. Utotoni nilikuwa nikienda kujipima nao, na kila nilipodhani nimerefuka nikaukuta umenizidi, niliurushia mawe. Sina subira hata leo, na walioishi nami watakwambia hivyo bila kuulizwa.

Sisi ndugu tuko watatu. Mdogo wangu wa kiume ana mnazi wake karibu na makaburi ya wazee, na kitinda mimba wetu, aliyeolewa Gazi, ana wake penye kisima. Lakini hatua chache tu kutoka kwa wangu palikuwa na mwingine ulionizidi mwaka mmoja. Huo ulikuwa wa binti wa shangazi.

Shangazi ni dada yake baba. Aliolewa Majoreni, na kwa mimba ya kwanza akarudi kujifungulia kwao, kama ilivyo ada. Akazaa mtoto wa kike. Kitovu kikadondoka, kikazikwa, nazi ikapandwa. Kesho yake, kabla ya siku ya saba ambayo mtoto hupewa jina, yule binti akafariki. Ndoa nayo haikukaa sana. Shangazi alirudi na sanduku lake, baba akamjengea nyumba ya vyumba viwili shambani, na hapo ndipo alipo hadi leo.

Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Shangazi ndiye aliyechimba shimo langu, na baadaye akawachimbia wadogo zangu. Mama alituzaa, shangazi akatupanda. Alituogesha, akatulisha, akatuchapa tulipostahili na mara nyingine tusipostahili. Ila neno moja hakulisema kamwe. Hakuwahi kutuita wanangu. Pwani hii hata muuza kashata hukuita mwanangu, lakini shangazi alituita wana wa kaka, na akimtuma mmoja wetu dukani alisema, “We mwana wa kaka, njoo.” Majirani walidhani ni maringo. Mimi nilidhani yeye hatupendi sana, na kwa hasira zangu nikaacha kuuliza.

Baba alipofariki, mama akiwa ametangulia, alituachia shamba na hatimiliki yenye jina lake peke yake. Zamani, watu wa serikali walipokuja kupima, mwanamume ndiye aliyesimama mbele akaandikwa, na dada yake akabaki na alichobaki nacho: minazi ya kuangua na mahali pa kulala. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mwenye mti si lazima awe mwenye udongo, na watu wameishi hivyo vizazi na vizazi wakisalimiana vizuri. Hatimiliki ndiyo isiyoyajua mambo hayo. Inajua udongo tu.

Mdogo wangu ndiye aliyetaka tugawane. Anaishi Mackinnon Road, anaziba pancha za malori, na watoto wake wamekua. Alitaka kila mtu awe na karatasi yake, tusije tukawaachia watoto wetu ugomvi. Alikuwa na haki. Kila upande siku hizi, tangu Ukunda hadi huku kwetu, mashamba yanakatwa vipande, na familia zisizokata mapema hukatana zenyewe.

Tulikutana barazani kwa shangazi. Dada wa Gazi alichelewa, na mdogo wangu, aliyekwisha kuambukizwa haraka ya wale madereva wake wa malori, akasema, “Tuanzeni jamani. Asiyekuwapo na lake halipo.” Tukacheka. Shangazi, aliyekuwa akitumenyea muhogo, akacheka pia.

Mgao wenyewe haukuwa na vita. Sheria ya dini inampa mwana wa kiume mafungu mawili na binti moja, na tuliikubali. Hapo mdogo wangu akafanya jambo la kiungwana. Sehemu za mbele, zinazotazama barabara, akatuachia dada zake.

“Nyinyi mtataka kufungua kijiduka,” akasema. “Mimi nipeni kule nyuma. Nitapata pa kuegesha lori langu.”

Lori lenyewe hana mpaka leo.

Nyumba ya shangazi iliangukia katika fungu langu, na hapo hapakuwa na mjadala, nani angemgusa? Tatizo lilikuwa njia. Kipande cha nyuma hakikubaliwi kisheria bila barabara yake, tena ya upana wa gari. Mpima ardhi tuliyemwita, mtu mpole ambaye wazazi wake walitoka bara wakapewa ardhi ya makazi kule juu vilimani, alizunguka na vyombo vyake asubuhi nzima. Upande wa kushoto kuna makaburi, hapitishi mtu barabara hapo. Ikabaki kulia, kando ya minyaa. Akanyoosha kamba yake, na kamba ikaenda kuugonga mnazi wa binti wa shangazi katikati ya shina.

“Mama,” akamwambia shangazi, “hii mti iko ndani ya barabara. Itatoka.”

Shangazi amevumilia mengi maishani, lakini nilimwona “hii mti” ikimchoma sikio. Hakumsahihisha.

“Ni wangu,” akasema. “Kateni. Mwenyewe hataulizia.”

Yule bwana akamshukuru kwa heshima, akatoa kopo la rangi, akauchora mnazi msalaba mwekundu. Kwao, mtu mzima akisema ndiyo ni ndiyo, na simlaumu. Sisi watatu ndio tuliopaswa kujua. Kwetu mtu anayetoa kwa moyo hujizungusha kwanza, hulalamika kidogo, hutaka kubembelezwa, ili mpokeaji naye aone uzito wa kitu. Anayekupa upesi upesi vile, ujue hakukupa, amekustahi tu. Tulilijua hilo tangu tukiwa watoto, na bado tulilipokea lile “kateni” kama tende ya kufuturia, kwa kuwa lilitufaa. Nikatazama chini. Nilipoinua macho nikawaona wadogo zangu nao wanatazama chini.

Usiku ule nililala kwa shangazi. Alfajiri, baada ya sala, sikumsikia jikoni. Nikatoka kumtafuta. Nikamkuta ameinama penye mnazi wa binti yake, ndoo ya maji kando, kumbi la nazi mkononi. Alikuwa akisugua ule msalaba kwa majivu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Umeamka salama?”

“Salama. Wafanyaje?”

“Naifuta rangi,” akasema, akiendelea kusugua. “Kukatwa utakatwa. Lakini usikatwe mchafu.”

Niliketi chini palepale juu ya umande na kanga yangu nzuri, nikalia. Sikulia kistaarabu. Shangazi aliniangalia, akaniletea kata ya maji ninawe uso, akarudi kwenye kazi yake.

“Kwa nini ulisema ukatwe?” nikamuuliza.

“Nyinyi mwahitaji njia. Yeye ahitaji nini?”

“Na mbona wangu uliupanda karibu hivi? Shamba lote hili!”

Hapo akaacha kidogo kusugua.

“Ili asikae peke yake,” akasema.

Miaka yote hiyo nimekuwa jirani ya mtu na sikujua. Niliutazama mnazi wangu niliokuwa nikiupiga mawe nikaona haya.

Kabla jua halijapanda nilikuwa nimewaamsha wadogo zangu kwa simu kule Gazi walikolala, waje, na mpima ardhi nikamtoa kwenye chai yake. Nikawaambia njia ipinde. Mpima ardhi akatembea, akapima, akakuna kichwa. Kupinda kulia haiwezekani, ni kwa jirani. Kupinda kushoto inawezekana, iingie fungu langu, iuzunguke ule mnazi, kisha irudi mahali pake. Lakini ikipinda hivyo inakula mnazi wangu. Na ikipinda zaidi ili ikwepe yote miwili, inaingia chumbani kwa shangazi.

“Basi kateni wangu,” nikasema.

Sijawahi kumwona shangazi amekasirika vile. Aliweka ndoo chini kwa kishindo.

“Mnazi wa aliye hai ukatwe kwa ajili ya asiyekuwapo? Wewe una akili timamu? Wataka nikuzike na wewe?”

Mdogo wangu naye akaingiwa na hofu. Alisema kule Mackinnon Road hawana mambo haya, lakini sauti yake haikuwa ya mtu asiyeamini. Dada wa Gazi, ambaye kutwa nzima hupanda miche ya mikoko kwenye matope na ana imani kubwa na kila kitu chenye mizizi, akashika tama. Tulibaki tumesimama hivyo, na mpima ardhi amekumbatia kamba yake kama mtu aliyeingia harusi ya wenyewe.

Nikamwambia, “Shangazi, mimi ukinitaka waniita, naja. Usiponiita naja vilevile, wala hunifukuzi. Yeye ukimtaka, waenda wapi?”

Akaokota ndoo yake akaenda kisimani. Hakusema ndiyo. Ila alichukua muda mrefu sana kuteka maji, na aliporudi alianza kulalamika: kwamba mimi ni mbishi tangu tumboni, kwamba mnazi wangu unazaa nazi kubwa kuliko yote na ni hasara, kwamba watu watatucheka kwa barabara iliyopinda kama mkia wa mbwa. Alilalamika mpaka adhuhuri. Dada wa Gazi akanitazama, tukaelewana. Sasa ametoa.

Tulikwenda mbele ya bodi ya ardhi Msambweni, sote wanne. Shangazi hakutakiwa kuwapo, jina lake halikuwa popote, lakini alivaa leso mpya akasema hakai nyumbani peke yake kama paka. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki na mwenye kazi nyingi. Aliutandaza mchoro wetu mezani, akaufuata kwa kalamu, kalamu ikasimama.

“Hii kona ya nini? Barabara imenyooka vizuri, ghafla imepinda, kisha imenyooka tena. Kuna nini hapa?”

Mpima ardhi akanitazama. Ungemwambiaje mtu wa ofisi? Nikamtazama mdogo wangu, naye haraka yote ya madereva ilikuwa imemwisha.

“Hapo pana mtu,” akasema shangazi kutoka benchi la nyuma.

“Kaburi?”

“Si kaburi.”

“Mtu gani basi, mama? Jina lake nani?”

“Hakuwahi kupewa,” akasema shangazi. “Ilibaki siku moja.”

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Katika wajumbe wa bodi kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, “Mwenyekiti, iache kona ikae.” Ikaachwa.

Mnazi wangu ulikatwa wiki iliyofuata. Nilijitia ushujaa, nikasimama karibu nikitoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Msumeno ulipoingia shinani nilijishika kitovu bila kujua, na mdogo wangu akaniona, akasahau hata kunicheka. Ukaanguka palepale ulipoelekezwa, ndani ya njia, na makuti yake yakaendelea kutetemeka kwa muda. Wa pili ulibaki umesimama peke yake kando ya minyaa, shina lake safi, na alama ya rangi imebaki kama wekundu wa jicho.

Kileleni mwa mnazi mna shaha, ule moyo mweupe, laini, mtamu, ambao huupati mpaka mnazi ufe. Ni chakula cha nadra, na kwetu mnazi ukianguka watoto hukimbilia huko kwanza. Shangazi aliupasua mwenyewe kwa shoka dogo. Hakumruhusu mtu kumsaidia. Aliutoa mzima, akauweka kwenye ungo, akakata vipande, na wadogo zangu wakanyoosha mikono kama zamani. Akaipiga mikono yao.

Alichagua kipande cha katikati. Akaja nacho hadi nilipokuwa nimekaa juu ya shina langu lililolala, mwanamke mzima mwenye mvi, nikijifanya natazama barabara. Akakisogeza kinywani mwangu kwa vidole vyake, jinsi mtoto anavyolishwa.

“Kula,” akasema. “Kula, mwanangu.”

Nikala. Wadogo zangu walikuwa wamenyoosha tena mikono, wakingoja zamu yao ya kuitwa.