Sweta la Usaili

Gauni nilimshonea mwenyewe, la kitenge cha njano chenye marinda, na nilipomvalisha akalivua. Nilikasirika. Nimeshonea maharusi wengi pale Same mjini, na hakuna aliyewahi kunivulia nguo mbele ya macho yangu. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, hata darasa la kwanza hajaanza, anasimama na chupi katika sebule ya bibi yake anadai sweta lake la kijani.

"Sweta limeshakubana," nikamwambia. "Mikono inaishia kwenye viwiko. Unataka uonekane kwenye TV kama kuku aliyenyonyolewa?"

"Mama mdogo, hilo gauni mama halijui."

Hasira ikaniishia palepale. Nikakaa chini.

Sweta lile dada alilifuma mwenyewe kabla hajapelekwa Dar kutibiwa. Mtoto alimwacha kwa mama yetu huku juu milimani. Siku moja alipiga simu kutoka wodini, akamwambia mwanawe kwamba kuna TV ukutani na wagonjwa wanaangalia watoto wakishindana kuimba. Hakukaa sana akafariki. Gari la maiti lilinyoosha na barabara kuu mpaka Kifaru kwa mumewe, maana kwetu mwanamke aliyeolewa anazikwa kwa mume. Mtoto hakushushwa kwenye mazishi. Wazee walikaa wakaamua asiambiwe mpaka akili ikomae, kwa hiyo kwake yeye mama akabaki Dar, anaendelea na matibabu. Baba yake alioa mwingine na hakuuliza kitu. Mimi nilipinga. Nikaambiwa sijazaa, siwezi kujua.

Wazo la mashindano lilikuwa la mwalimu wa kwaya. Alimsikia mtoto akiimba kanisani, akaja nyumbani kutuambia kuwa usaili utafanyika Moshi, na watakaopita watapelekwa Dar kuonyeshwa nchi nzima. Tangu hapo kila jioni mtoto alisimamishwa uani na mwiko mkononi, ndiyo maikrofoni yake. Imba tena. Inua kidevu. Tabasamu. Ukungu ukishuka alikohoa, akanyweshwa chai ya tangawizi, akaendelea. Majirani walisifu juhudi zake. Nami nilizisifu, mpaka siku ile ya gauni.

Nikamfuata mama yangu jikoni, anamenya ndizi.

"Mama, huyu mtoto anaimba ili mama yake amwone. Anafikiri yuko wodini anaangalia. Mwambie leo."

"Nimwambie leo sauti ikatike? Aende kwanza. Akirudi tutamwambia."

"Akirudi kutoka wapi? Wakimpitisha si anakwenda Dar kumtafuta?"

"Nimesema akirudi."

Mwalimu wa kwaya naye akasema hivyohivyo. Niliwachukia wote wawili siku hiyo, nasema kweli. Waliihurumia sauti kuliko mwenye sauti. Lakini katika nyumba ile mama akishasema, amesema.

Tuliteremka Same tukapanda basi la Moshi, mimi, mtoto na mwalimu. Mtoto alikaa dirishani na sweta lake, akiimba kwa sauti ya chini. Tulipofika Kifaru basi lilipunguza mwendo, akawapungia mkono watoto waliokuwa wakichunga mbuzi. Kaburi la mama yake liko nyuma ya nyumba ya baba yake, halionekani kutoka barabarani. Nilitazama upande mwingine.

Ukumbini tulikuta watoto wengi wamepakwa poda na wanja kama mabibi harusi. Mwalimu alivutwa pembeni na msichana wa televisheni, wakaongea kwa muda, mwalimu akiinamisha kichwa kwa huzuni ya kujionyesha. Sikujua anamweleza nini. Nilidhani ni habari za wimbo.

Mtoto aliimba ule wimbo wa Kipare ambao dada alikuwa akimbembelezea. Aliimba vizuri. Hata mimi, pamoja na ghadhabu zangu zote, nilisisimka. Kisha jaji mmoja, mama mtu mzima, akainama mbele na kumsemesha kwa upole.

"Mwanangu, tumeambiwa mama yako alifariki. Angekuwa hapa leo, ungemwambia nini?"

Kamera ikamsogelea. Mtoto akageuka kunitafuta nilipokuwa nimesimama mlangoni.

"Mama mdogo," akasema, "mama si yuko Dar?"

Alinisubiri. Hakulia. Alianza kuvuta mikono ya sweta, huu na ule, akijaribu kuifikisha viganjani, na haikufika. Waliolia ni majaji. Mwalimu naye alilia. Wakampitisha wote.

Wakati wa kurudi nilimwomba kondakta atushushe Kifaru. Mwalimu akaendelea na safari. Nilimpeleka mtoto nyuma ya nyumba ya baba yake, nikamwonyesha. Alisimama kidogo, akasema anahisi baridi, ingawa jua la Kifaru lilikuwa linachoma.

Kipindi kiliporushwa, kijiji kizima kilijaa dukani kutazama. Waliweka muziki wa taratibu juu ya uso wake, wakaurudia uso huo kwa karibu pale anaponiuliza. Nimesimuliwa, sikwenda. Watu walishangilia. Mimi na mtoto tulikuwa jikoni tunapika maharage.

Baada ya hapo mwalimu akaja anahema, bado ameshika simu. Watu wa televisheni wamempigia, safari iko tayari, mtoto anatakiwa Dar. Mama yangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakatokeza.

Mtoto alikuwa amechuchumaa anapuliza moto. Akainua uso uliojaa majivu.

"Dar?" akaniuliza. "Kufanya nini?"