Jina Nililolivuta Pamoja na Tumbaku

Ile siku naikumbuka, mwanangu, na moyo bado unanienda mbio. Nilikuwa kijana pale kijijini Mitundu, kibarua wa Mzee Njiku, bwana misitu. Yeye alichuma majani vichakani, mimi niliyabana ndani ya magazeti kati ya mbao mbili. Kila jani aliliwekea kikaratasi chenye jina la Kilatini. Nilicheka sana. Lugha gani hii, hata wa kumpa shikamoo hakuna! Na vile vikaratasi vilikuwa laini, nikavisokotea tumbaku. Ndiyo, mimi huyuhuyu.

Kiangazi hicho ng'ombe watano wa baba walikula kichaka kibichi porini, wakaanza kutetemeka. Nikakimbia na tawi lake kwa bwana mifugo. Yeye alikuwa mtu wa Bukoba, jina letu la Kinyaturu halikumwambia kitu, na kitabu chake kilipanga sumu zote kwa Kilatini. Jani lilelile lilikuwa kwenye mbao zetu, ila jina lake nilikwisha kulivuta.

Ikabidi tupoteze muda kumwendea Mzee Njiku. Akalitazama tawi, akasema, "Dichapetalum." Kisha akanigeukia taratibu. "Niliona majani hayana vikaratasi, nikanyamaza. Lugha uliyoichoma ndiyo inayowasemea ng'ombe wa baba yako leo."

Bwana mifugo akalitafuta jina hilo, na kitabu kilisema wasitembezwe, wasinyweshwe maji. Maji! Baba alikuwa keshawaswaga kisimani. Nilikimbia mpaka viatu vikabaki njiani. Wawili walikwisha kunywa, wakaanguka palepale. Watatu niliwazuia kwa mwili wangu, wakapona. Baba aliwagusa pua mmoja mmoja huku akilia.

Sasa sikia! Juzi mjukuu wangu anayesomea dawa chuoni alinipigia simu, akawa ananisomea majina ya mimea. Alipoanza lile la kichaka chetu, nikalimalizia mimi, nikaruka hadi redio ikaanguka. Akacheka, akaniambia kuwa hata Mchina na Mbrazili wanaliandika hivyohivyo. Hebu fikiria, mwanangu, neno la Mzee Njiku liko kwenye simu!

Usilolijua ni kama usiku wa giza, na majuto ni mjukuu. Yangu mimi ni ng'ombe wawili wa baba. Kwa hiyo ukikuta elimu usiyoijua, usiicheke kwa kuwa haizungumzwi sokoni. Itunze, uliza ni ya nini, siku moja itaokoa zizi la mtu.

Mungu akupe sikio la kusikia na mkono usioharibu. Ng'ombe wako wanywe maji salama, mwanangu, na wewe ufike mbali kuliko mimi.