Mlaji wa Tatu

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne jioni, ndani ya mgahawa wa Kiitaliano jijini Dar es Salaam, mama yangu alifungua swaumu yake ya sunna ya Jumatatu kwa tende aliyoitoa mkobani. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kesho yake tulikuwa tunarudi Tabora, nami nilitaka aondoke akiwa amekula kitu ambacho kwetu Itetemia hakipikwi.

Mgahawa ule una matawi kadhaa na bei zake hazitishi. Nilikuwa nimepita mchana kuuliza habari ya nguruwe, nikaambiwa haingii jikoni mwao. Nilisoma pia ubao wa mlangoni: kila Jumatatu, lipa elfu ishirini na mbili mara moja, ule tambi, supu na mkate mpaka utosheke. Hapakuwa na neno lingine. Nililipia watu wawili tulipoingia.

Karibu na meza yetu alisimama mwanamume wa makamo, helmeti mkononi, mmoja wa wale wanaopeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Alikuwa akisubiri oda itoke jikoni. Simu yake ikaita, akaipokea kwa Kisukuma. Mama aliacha kutafuna.

"Wewe baba, wa wapi?"

"Shikamoo mama. Wa Igunga, mkoa wa Tabora."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula nikifunga kazi."

"Njoo ufuturu."

Akacheka kidogo. "Mimi Mkristo, mama. Sikufunga."

"Nani kakuuliza dini? Nimekuuliza kama umekula. Tambi zenyewe ndefu kama kamba za kufungia kuku, peke yangu sizimalizi."

Kwetu, anayekukuta unakula anakaribishwa, na aliyekaribishwa huonja walau tonge moja. Akikataa, ni kama anasema chakula kina ila. Yule bwana alilijua hilo. Akakaa ukingoni mwa kiti, akamega mkate, akachovya kwenye mchuzi wa nyanya. Mama akaisogeza sahani katikati ya meza. Tangu upasuaji alikuwa mtu wa kupewa: maji, dawa, mkono wa kushika kwenye ngazi. Jioni ile nilimwona tena kuwa mwenye nyumba.

Msimamizi, binti aliyevaa shati jeupe, alifika kabla kipande kile hakijaisha.

"Samahani mzee. Hapa sahani moja ni mtu mmoja. Huyu kaka amekula, kwa hiyo analipa kama mteja."

"Ubaoni hamkuandika."

Akageuza orodha ya vyakula na kunionyesha sharti hilo mgongoni, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa.

"Hii nimepewa nikiwa nimeshalipa," nilisema.

Alimgeukia yule bwana. "Na wewe taratibu unazijua. Nitawaambia ofisini kwenu, na oda hii nampa mwenzako."

"Dada, ni kipande cha mkate tu." Alikuwa ameshasimama. Mkate uliobaki aliurudisha sahanini polepole, kama mtu aliyekamatwa.

Nilimuuliza msimamizi, "Mama akizibakiza hizi tambi, zinakwenda wapi?"

"Zinatupwa, mzee."

"Na zikitupwa, nani anatozwa?"

"Hakuna."

Simlaumu mwenye duka kulinda mali yake. Mji wetu wa Tabora ulikua kwa misafara ya biashara. Waliopita walinunua chakula, na waliowauzia hawakuona haya kutaja bei. Lakini aliyenunua alikuwa na hiari ya kumgawia amtakaye. Hapa pipa la taka linakula bure, mgeni anatozwa faini, na faini yenyewe inadaiwa kwa mtu anayeweza kunyang'anywa kazi.

Nililipa, ili oda yake asipewe mwingine. Mama akauliza nimelipa nini, nikamweleza. Akafungua fundo la kanga, akatoa pesa aliyoiweka ya kununua doti za kuwapelekea jirani zake, akaniwekea mkononi.

"Mgeni ni wangu."

"Mama, hii si futari, ni faini."

"Unataka kunichukulia thawabu zangu?" Kisha akamwambia msimamizi, "Binti, sasa huyu amelipiwa. Mletee sahani yake, ale mpaka atosheke."

Sahani ililetwa, imejaa, pamoja na oda. Yule bwana hakuweza kusubiri. Mtu alikuwa akingoja chakula chake. Alimwinamia mama, akasema asante, akatoka. Niliomba ile sahani ifungwe tumpelekee nje.

"Za Jumatatu hazifungwi, mzee."

Kwa dirisha nilimwona akiwasha pikipiki na mzigo wa watu wengine mgongoni. Mama anasema pesa ile haikupotea, imewekwa. Mimi nimeipiga hesabu mara nyingi na jibu halibadiliki: nusu kipande cha mkate, shilingi elfu ishirini na mbili.