Mbegu za Anti Namuli

Kuna siku moja ya joto naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya. Nakusimulia kwa sababu vita vimezuka tena ng'ambo ya maji, mboga zimeadimika hapa Doha, nanyi vijana mmeanza kupanda mchicha juu ya paa. Hata sisi tulipanda.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa hoteli pale Al Sadd, na sina hata miezi mitatu nchini. Tuliishi wanawake sita nyumba moja, Al Wakrah. Vita vya majirani vikachelewesha meli, mboga zikapotea madukani. Sisi wengine tungekula wali na dengu hadi vita viishe. Shida ilikuwa Zawadi, mwenzetu, mjamzito wa miezi sita, damu imempungua. Vidonge vyote vya kliniki alivitapika. Daktari akamwambia, basi mama, kula mboga za majani kila siku. Mboga zipi sasa?

Anti Namuli, Mganda aliyekuwa mkubwa wetu pale nyumbani, ndiye aliyekuwa na mbegu za mchicha, kazifunga kitambaani tangu kwao Masaka. Akapanda nusu kwenye beseni juu ya paa, akatundika shuka kuukuu kuwa kivuli. Zilipochipua akaniita.

"Nafula, wiki hii nina zamu ya mchana. Umwagilie wewe. Maji utatoa kwenye..."

Sikumwacha amalize. "Anti, mimi nimezaliwa shambani Bungoma. Utanifundisha kumwagilia mchicha?"

Wacha nikwambie, nilikuwa na mdomo!

Kesho yake, saa nane mchana, nikafungulia mpira wa tangi la paani nikamwaga. Wewe unayajua maji ya tangi la hapa mwezi wa saba, jua linavyoyachemsha. Mimi sikuyajua, maana ya kuoga tulikuwa tukitoa kwenye hita ya bafuni iliyozimwa, na humo ndani ya nyumba maji hupoa. Niliposhtuka kwamba mpira unanichoma mkono, miche ilikuwa imelala, imeiva kabisa.

Jioni Anti akauliza kulikoni. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Mbegu zako zimezeeka, Anti. Hazina nguvu." Zawadi akasema si neno, akarudi kulala.

Asubuhi nikapanda paani kuanika nguo, nikamkuta Anti ameinama, anawamwagia njiwa zile mbegu zilizobaki.

"Hazifai," akasema. "Acha angalau ndege washibe."

Mwanangu, moyo ulinipasuka. "Anti, acha! Mbegu ni nzima! Ni mimi niliyeichoma ile miche kwa maji ya tangi!"

Akafumba mkono juu ya zile chache zilizosalia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia jana, ningekucheka yakaisha." Kisha akapiga magoti, akaanza kuokota moja moja sakafuni. Nami nikapiga magoti kando yake, huku nafukuza njiwa, huku nalia.

Tulizopata zilitosha kona ya beseni. Nilizimwagilia kila alfajiri kwa maji ya hita. Mchicha ule aliula Zawadi peke yake, na Mungu ni mwema, alijifungua salama. Lakini zile wiki alizongoja, akishika ukuta kwenda msalani kwa kizunguzungu, nilimsababishia mimi. Nilikuwa nikimsikia akipita, nami nimejifunika shuka kichwani.

Kwa hiyo nisikilize. Hata kama ulizaliwa shambani, ukifika ugenini mwache mwenyeji amalize kusema. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Maji yangu yaliua miche tu; uongo wangu ndio uliomfanya mtu mwenye akili zake awatupie njiwa chakula cha mjamzito, kwa sababu aliniamini. Mtu anayekuamini atatupa kilicho kizima kwa neno lako moja.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi", na akuweke karibu na watu watakaopiga magoti waokote pamoja nawe.