Unyayo wa Mama Mchungaji

Wenzangu, nichekeni tu, nimeshazoea. Kuku wangu mnene kuliko wote, pale nyuma ya nyumba yetu Woolwich, London, nilimpa jina la Mama Mchungaji kwa sababu ya mwendo wake: kifua mbele, taratibu, kama anayekagua viti vya kanisani.

Juzi akaanza kuchechemea. Nikamviringisha kwa taulo, nikamgeuza, nikaona kigaga cheusi katikati ya unyayo uliovimba. Nikamrekodia dada yangu ujumbe wa sauti: “Mama Mchungaji ana kidonda chini ya mguu. Nimemloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nimemfunga bandeji, lakini ananipiga mateke. Shida ni uzito, anakula kupita kiasi.”

Kidole changu kikautuma kwenye grupu la akina mama wa kanisa.

Jioni, Mama Mchungaji mwenyewe huyo mlangoni. “Dada Furaha, mbona miguu yangu mizima? Umemloweka nani?”

Ningesema kweli, yangeisha. Mimi nikajitia ujanja: “Ni bibi mmoja ninayemhudumia kazini, Mama. Nilichanganya majina.”

Machozi yakamlengalenga. Akanishika mikono, akaanza kumwombea bibi yule, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Ndipo binti yangu, ambaye tangu ajue kusema hunijibu kwa Kiingereza tu, akaingia mbio kutoka bustanini, na Kiswahili safi mdomoni: “Mama! Mama Mchungaji ametaga!”