Zao Hilo Halipo

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Ibighi, na Nusrat Yussuph anasoma takataka.

Ndivyo alivyoliita faili lenyewe: Takataka. Limo kwenye kompyuta mpakato yenye ufa, juu ya meza inayobanana na mashine ya kutolea nakala, ndani ya duka lake la madaftari na kalamu mjini Tukuyu. Humo kuna meseji 1,146. Anazisoma moja moja kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari.

"Ndisi kumi na mbili, Mpuguso. Ndisi saba, Nkunga. Fiasi gunia nne. Palachichi. Mahalage. Ndisi. Ndisi. Ndisi."

Anakunywa chai iliyokwisha kupoa.

"Hizi zote ni mali za watu," anasema. "Mimi nikaziita takataka."

Nusrat ana miaka 27. Ana stashahada ya kompyuta aliyoisomea Mbeya, na kwa muda wa miaka miwili jioni zake zote zimeishia kwenye programu ya simu aliyoibuni mwenyewe na kuipa jina la Mkungu. Lengo lake lilikuwa jepesi kuelezea: mkulima wa Rungwe auze ndizi zake, na mazao mengine, kwa mnunuzi wa mjini bila kupitia kwa dalali. Shambani dalali anachukua mkungu kwa shilingi elfu tano. Kupitia Mkungu, wanunuzi walikuwa tayari kutoa elfu tisa.

Wanunuzi, wenye simu kubwa, waliiona mizigo kwenye programu. Wakulima, ambao wengi wana kitochi, simu ndogo ya vitufe, walitakiwa kutuma meseji ya maneno matatu tu: zao, idadi, kijiji. Meseji inaingia kwenye simu moja ya zamani iliyochomekwa kwenye kompyuta hii hii. Mashine inasoma neno la kwanza. Ikilijua, mzigo unaonekana kwa wanunuzi. Isipolijua, inaitupa meseji kwenye faili la Takataka na kumjibu mkulima.

Jibu lenyewe Nusrat aliliandika siku moja kabla ya kuzindua, akiwa na haraka. "Zao hilo halipo. Asante."

"Hata dakika moja sikuitumia," anasema. "Niliona hiyo 'asante' inatosha kuwa adabu."

Hapo ndipo penye mkasa wote, na msomaji asiyeijua Rungwe anahitaji kuelezwa kidogo. Kinyakyusa hakina zeti, wala ra, wala ve. Mzee aliyekulia kwenye lugha hiyo akizungumza Kiswahili, ndizi kwake ni ndisi, viazi ni fiasi, parachichi ni palachichi. Hapa Tukuyu hakuna anayeshangaa. Muuza duka anaelewa, mganga wa zahanati anaelewa, padri anaelewa. Mashine ya Nusrat ndiyo pekee haikuelewa.

Na Nusrat si mgeni. Babu yake alikuja hapa na marobota ya vitambaa, baba yake ni fundi cherehani, na mama yake, Kuruthumu, amekaanga vitumbua Ibighi tangu binti huyu akiwa mgongoni.

"Ndisi nimeisikia maisha yangu yote," anasema Nusrat. "Shule tulikuwa tunawacheka wenzetu wakisoma kwa sauti. Nilijua vizuri wanavyotamka. Sikuwaza hata siku moja kwamba watu wataandika wanavyotamka."

Machi mwaka jana alizunguka na karatasi za mfano, akaandikisha wakulima 312. Walipiga makofi. Vijana walituma bila shida. Wazee karatasi zao zilitumika kuwashia jiko au zililowa, wakabaki na walichokumbuka masikioni, na walichokumbuka masikioni ndicho walichoandika.

Miezi ikapita. Wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba mzigo haupo, na wakulima wakawa kimya kama maji ya mtungi. Nusrat, ambaye faili la Takataka hakuwahi kulifungua, akaamini hawataki kubadilika. Hilo nalo anakiri bila kuzungusha maneno: aliwakasirikia. Alimwambia mama yake kwamba watu wa vijijini wamezoea kunyonywa.

Februari mwaka huu akapanda bodaboda hadi Nkunga kuwauliza kulikoni. Nyumba ya kwanza aliyobisha ilikuwa ya Bibi Elina, mjane wa miaka 68, mmoja wa watu waliompigia makofi kwa nguvu siku ile. Akakuta shamba la migomba la nusu eka halipo. Palikuwa na udongo mtupu na mistari ya mashimo.

"Nilidhani shamba limeuzwa," anasema Nusrat. "Nikamwuliza, bibi, migomba iko wapi? Akaingia ndani akatoa simu. Akaniambia, mwanangu, si wewe mwenyewe uliniambia?"

Kwenye kitochi kulikuwa na meseji tatu alizotuma, wiki kwa wiki. "Ndisi 18 Nkunga." Chini ya kila moja kulikuwa na jibu. Zao hilo halipo. Asante.

Bibi Elina alisoma hadi darasa la nne na anasoma vizuri. Alielewa alichoandikiwa. Mara ya kwanza alidhani wanunuzi wameshiba. Wiki hiyo hiyo alimrudisha dalali mlangoni, kwa sababu alikuwa ameahidi kuuza kwa Nusrat. Mara ya pili ndizi zilikuwa zinaivia mgombani na ndege wanazila. Mara ya tatu akahitimisha kwamba huko duniani ndizi hazitakiwi tena.

Mwanawe, Jackson, alikuwa amemsihi mwaka mzima wang'oe migomba wapande parachichi, kama walivyofanya majirani. Mama alikuwa akikataa. Ilikuwa migomba iliyopandwa na marehemu mume wake.

"Siku ile akaniita mwenyewe," anasema Jackson, mwanamume wa miaka 40 anayesema taratibu. "Akaniambia, chukua panga. Sikumwuliza kwa nini. Nilifurahi, sikufichi. Tukakata, tukang'oa na visiki. Habari ya meseji nimekuja kuisikia baadaye, na tangu hapo sina raha."

Bibi Elina hakukaa na habari hiyo peke yake. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba kwenye ile simu ya binti wa Ibighi ndizi zimefutwa. Na wenzake nao walikuwa wamejibiwa hivyo hivyo. Leo, kati ya wale 312, wanaotuma ni kumi na saba.

Alhamisi hii tunayokutana naye, Nusrat ana mtihani mmoja. Mnunuzi wake wa mwisho, Winfrida, mfanyabiashara wa ndizi mjini Mbeya, amemwambia hivi: jioni ya leo ionekane mikungu sitini kwenye programu, kesho analeta gari. Isipofika sitini, anarudi kwa dalali wake na asisumbuliwe tena. Mkononi Nusrat ana pia barua ya kazi, ya kuingiza takwimu katika ofisi moja Mbeya. Anatakiwa kuripoti Jumatatu. Mkungu ikifa leo, ataripoti.

Asubuhi hii orodha ina mikungu tisa.

Anafunga duka, anaichomoa ile simu ya zamani, ambayo siku hizi inasoma na kujibu yenyewe bila kompyuta, na kuitia kwenye mkoba pamoja na betri ya kuichajia. Sasa mashine inaijua ndisi, na fiasi, na kila namna nyingine aliyoikuta kwenye Takataka. Ameyaingiza maneno kwa mkono, moja moja, wiki saba. Kilichobaki ni watu.

Nkunga mvua imeanza. Tunatembea naye nyumba hadi nyumba kwa saa tano, matope yakivuta viatu. Kila mahali anaanza vilevile: "Shikamoo. Nimekuja kuomba msamaha." Hakuna anayemfukuza. Wanamkaribisha, wanamletea kigoda, wengine chai. Halafu wanamweleza kwa upole kwamba mzigo wameshamwahidi mtu mwingine.

Mzee Asajile, mkulima wa miaka 74, anamsikiliza hadi mwisho. "Nimekuelewa, mwanangu, na nimekusamehe," anasema. "Lakini mikungu yangu ni sita tu. Nikikosea tena, nakula nini?"

Huyo mtu mwingine aliyeahidiwa mizigo tunakutana naye njiani, amesimama chini ya upenu anangoja mvua ipungue. Anaitwa Simon, ni dalali wa ndizi kwa miaka kumi na moja. Tulitegemea acheke. Hacheki.

"Huyu dada ana akili kuliko mimi," anasema. "Mimi nawapunja hawa wazee, nao wanajua. Ila mtu akiniambia ana ndisi, mimi naelewa ana ndisi. Simwambii hazipo wakati naziona."

Nusrat anamsikia. Anaitikia kwa kichwa na kuendelea na safari, na nyumba mbili zinazofuata nazo hazimpi mzigo. Kwenye nyumba ya tatu kijana mmoja aitwaye Fred, aliyekuwa mteja wake tangu mwanzo, anampa mikungu minane. Mama yake Fred anaongeza minne.

Saa kumi na nusu jioni tunafika kwa Bibi Elina. Orodha ina mikungu ishirini na moja.

"Ugonile," anaamkia Nusrat kwa Kinyakyusa chake cha kuombea maji.

"Ndaga, mwanangu. Ingia, usilowe."

Bibi Elina ni mwembamba, ana sweta ya kijani na sauti nzito. Anatuwekea bakuli la mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, na anapokaa anatwambia bila kulalamika kwamba amezinunua.

"Mimi sasa nanunua ndisi," anasema. "Nikienda sokoni watu wananitasama. Elina ananunua ndisi. Nacheka nao. Nifanyeje?"

Tunamwuliza kama alielezwa kosa lilikuwa nini.

"Alinielesa. Kwamba niliandika se."

"Ulitakiwa uandike ze, bibi," anasema Nusrat. Amelisema hilo mara nyingi, inasikika.

"Ndiyo. Se."

"Ze."

"Si ndiyo hiyo ninayosema, mwanangu. Se."

Nusrat anainamia bakuli. Hakuna anayecheka, ingawa siku nyingine, kwa jambo jingine, tungecheka wote. Anapoinua uso macho yamemjaa machozi. Anasema kosa halikuwa la bibi, halikuwa hata siku moja, na Bibi Elina anamwambia ale, ndizi zikipoa hazina maana.

Saa kumi na moja anatoka kibarazani kumpigia Winfrida. Anaweka sauti kubwa ili tusikie wote.

"Ishirini na moja," anasema. Hajaribu kutia chumvi.

Winfrida anamjibu kwa upole. "Nusrat mdogo wangu, wewe mtu mwema, na ile apu yako niliipenda. Lakini gari linakula mafuta lije tupu lije limejaa. Ishirini na moja ni hasara. Nisamehe tu."

"Nimekuelewa, dada."

"Uende hiyo kazi. Usikae unajikaanga."

Simu inakatika. Inabidi sasa awapigie wale waliompa mikungu yao, mmoja mmoja, awaambie gari haliji na wamtafute Simon kabla hajaondoka. Anawapigia. Inamchukua nusu saa. Mama yake Fred ndiye wa mwisho, na anamjibu kwa neno moja tu, "Haya."

Nusrat anakaa chini kwenye sakafu ya kibaraza, mgongo ukutani. "Nimechoka," anasema. "Nilitaka kumwondoa dalali. Nimemsafishia njia." Tunamwuliza ataifanyia nini Mkungu. Anasema Jumatatu ataripoti Mbeya, na usiku wa Jumapili ataizima ile simu, basi, yaishe.

Bibi Elina amesikia kila kitu kutoka mlangoni. Anatoka na kitochi chake mkononi, anavuta kigoda, anakaa karibu naye.

"Usisime bado," anasema. "Kwansa niandikie palachichi."

"Bibi?"

"Kwenye mashine yako. Niandikie palachichi, ninavyosema mimi. Nisije nikaambiwa halipo."

Nusrat anamtazama, kisha anautazama uwanja. Miche ya parachichi imesimama mmoja kwenye kila shimo, imefungwa kwenye vijiti, inanyeshewa. Itazaa baada ya miaka mitatu, labda minne. Wakati huo Bibi Elina atakuwa na miaka 72.

"Nimeshaliandika, bibi. Lipo tangu mwezi uliopita."

"Acha nione."

Anaandika polepole kwa kidole gumba, akitaja kila herufi. Anatuma. Kwenye mkoba wa Nusrat ile simu ya zamani inatetemeka, na baada ya muda kitochi kinalia. Jibu hili Nusrat aliliandika kwa siku tatu, na linamrudishia mkulima neno lake kama alivyoliandika. Bibi Elina anakisogeza kitochi mbali na macho, anasoma.

"Sao lako la palachichi lipo. Asante."

Analirudia mara ya pili, kimyakimya, midomo tu. Anaifungia simu kwenye pindo la kanga.

"Itakaa na chaji mpaka lini, hiyo yako?" anauliza.

Nusrat ameshika mkoba kwa mikono miwili. Anasema huko Mbeya atapanga chumba chenye umeme, na simu haihitaji mengi, inahitaji tu mtu wa kuichomeka.

"Miaka minne," anasema Bibi Elina.

"Miaka minne, bibi."

"Basi usisahau kuichomeka."

Mvua inazidi. Miche ile haijafika hata magotini.